Hatuombi Chumvi

Nakumbuka siku moja pale Garsen mwanamke alisema maneno ya maana mbele ya serikali, na mwanamume mmoja akayageuza kuwa ombi la chumvi. Nilidhani nitakufa bila kuisimulia siku hiyo. Lakini jana, mwanangu, ulikuja hapa kijijini Wema, ukaketi kwenye mkeka wangu, ukaniambia wazee wamekuita wakakuomba uondoe jina lako kwenye kinyang'anyiro cha kiti cha wadi. Umwachie yule kijana wao, nao watakutafutia kiti cha kuteuliwa huko kaunti. Wanangoja jibu lako Ijumaa. Halafu ukaongeza, na hili ndilo lililoninyima usingizi, kwamba pengine si vibaya, kwa kuwa wamekuahidi watakusemea.

Watakusemea. Hebu sogea karibu, na hiyo simu iweke chini. Sitakusimulia kwa upole. Anayetaka bibi mpole aende kwa jirani.

Ulikuwa ule mwaka Waafrika wa nchi hii waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuwapigia kura wajumbe wao wa kwenda Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi. Mimi nilikuwa msichana, nimetoka shule ya misheni na Kiingereza changu cha kuokoteza, nimerudi kuishi na shangazi yangu Roda, dada yake baba, aliyenilea baada ya mama kufa. Shangazi alikuwa mjane, mwembamba, na sauti yake nzito hata watu wa ng'ambo ya mto wakimsikia akifukuza ndege. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimsalimu huku umekaa, hakuitikii.

Alikuwa na shamba la mpunga nyuma ya ukingo wa mto, pale maji ya mafuriko yanapotuama. Wanaume wa Wema walikuwa na migomba na miembe yao juu ya ukingo, sikatai, walifanya kazi. Ila bonde la mpunga lilikuwa mikononi mwa wanawake. Mpunga huo ndio uliokuwa chakula chetu, nguo zetu, dawa zetu, na ndio ulionisomesha mimi.

Sasa elewa jambo moja, kwa maana kisa chote kimesimama hapo. Kila kiangazi Waorma, majirani zetu wafugaji, huteremsha ng'ombe wao kutoka nyika kuja kunywa mtoni, na lazima wapite katikati ya mashamba. Njia hiyo ya ng'ombe ndiyo tunayoiita malka. Zamani zetu malka haikukaa mahali pamoja, kwa sababu na mto wenyewe haukukaa mahali pamoja. Mwaka huu mafuriko yataacha tope zuri upande huu, mwakani yataacha kule. Basi kila mwaka, mpunga ukianza kuinama na nyasi za juu zikianza kukauka, mwanamke mmoja wa Kiorma aitwaye Dhahabo alikuja na chombo chake cha maziwa hadi ukingoni kwetu. Alikuwa amezoea kubadilishana na shangazi, maziwa kwa mchele, tangu wote wawili wakiwa wasichana. Wakikaa, wakiulizana habari za watoto, za mvua, za ndwele. Kisha wanainuka, wanatembea pamoja kwenye matope, wanaelewana: mwaka huu ng'ombe wapite hapa. Wanachomeka fito za mkindu huku na huku, na wachungaji wote wanajua kwamba ndani ya fito ni kwao na nje ya fito ni mpunga wa watu. Likimalizika hilo, shangazi anakunywa maziwa na Dhahabo anakunywa uji wa mchele. Hakukuwa na askari, hakukuwa na mkutano. Sikuwahi kusikia mtu amepigwa kwa ajili ya malka.

Ndipo likatoka agizo la serikali. Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mzungu wa serikali, alitaka malka moja tu, ya kudumu, ichorwe kwenye ramani yake. Pahala pake pataamuliwa na kamati, mtu mmoja wa upande wetu Wapokomo na mmoja wa Waorma, na huyo wa kwetu atachaguliwa hadharani Garsen, watu wajipange mstari nyuma ya wanayemtaka. Watu, wakasema. Tukafurahi. Sisi si watu?

Shangazi akaamua kwenda, akamtumia Dhahabo salamu aje naye.

Kabla sijafika kwenye baraza lenyewe, nikueleze nilivyokuwa nimejaa kichwani wakati ule. Tulikuwa tukipeleka mchele Garsen kwenye duka la Mhindi mmoja, na mke wake alipenda kuongea nami. Aliniambia kwao Bara Hindi wanawake wote wanapiga kura, na mama yake, ambaye hajui hata kuandika jina lake, amesimama foleni akachagua amtakaye, na wako wanawake wanaokaa bungeni. Hapo dukani palikuwa na redio, na redio ikatuambia kwamba Misri nako wanawake wamepata kura. Nikamwendea Sista wa zahanati, mzungu aliyenifundisha kushona, nikamwuliza kwao Uswisi wanawake wamo wangapi serikalini. Akacheka kicheko kibaya. Akasema, "Kwetu wanaume tu ndio wanaopiga kura." Nilimtazama yule mama, aliyesoma mpaka akajua kushona mtu aliyepasuka, nikadhani ananitania. Hakuwa anatania.

Siku ya baraza tuliamka alfajiri kupika. Nani mwingine atapika? Wanawake walikuwa wamefagia uwanja, wamechota maji, wamebeba viti kichwani. Mezani kulikuwa na picha ya Malkia wa Waingereza, na mwanamke wa kwetu ndiye aliyeifuta vumbi kwa kanga yake. Tulipomaliza tukaambiwa tukae nyuma, juani, na tusipige kelele. Shangazi akaketi kando ya Dhahabo, bega kwa bega, na watu wakageuka kuwatazama.

Yule Bwana Shauri alikuwa mgeni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Basi alisema kwa Kiingereza, na mkalimani, mwanamume wa huku huku, akatugeuzia. Wakaongea wazee, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyetaja mpunga. Ndipo shangazi yangu akasimama bila kuitwa.

Alisema kwa Kiswahili ili Waorma nao wamsikie. Nilimwona akichagua maneno, maana Kiswahili hakikuwa lugha yake ya nyumbani. Alisema, "Bwana, njia ya ng'ombe haiwezi kuchorwa ikakaa, maana mto haukai. Mimi na huyu mwenzangu ndio tunaoipanga kila mwaka, na watu wanaishi salama. Mkitaka mtu wa kuamua malka, basi chagueni mmoja wetu. Kama hamtaki, tuacheni na sisi wanawake tusimame kwenye mstari tumchague tumtakaye, maana shamba ni letu na njaa itakuwa yetu." Dhahabo akasimama akasema, "Hayo ni maneno yangu pia."

Bwana Shauri akamgeukia mkalimani. Na yule mtu, mwanangu, aliyezaliwa na mwanamke na kulishwa mchele wa mwanamke, akamwambia mzungu kwa Kiingereza: wanawake wanaishukuru serikali na wanaomba waletewe chumvi.

Mzungu akaitikia kwa kichwa kwa upole, akasema wataletewa. Shangazi akamwona anavyoitikia, uso ukamkunjuka. Akanishika mkono akaniuliza, "Amekubali?"

Alikuwa anatabasamu. Mpaka leo ni hapo ninapochomwa. Si pale tulipokataliwa. Ni pale alipoketi akiamini amesikika.

Nikasimama. Hasira ilinishika kiunoni ikanisimamisha. Nikamwambia Bwana Shauri kwa Kiingereza changu kilichopinda kwamba mama huyu hakusema chumvi, nikamrudishia maneno ya shangazi, moja moja, yote. Mkalimani akanitolea macho. Mzungu akasikiliza, sitamsingizia, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanijibu kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, kwamba mimi ni msichana hodari, ila wanawake wetu hawajawa tayari kwa mambo haya, hawajasoma, na siku yao itafika.

Nikamwambia, "Bwana, mama yake yule mke wa mwenye duka hajui kusoma, na kwao Bara Hindi anapiga kura. Sista wa zahanati amesoma pengine kukushinda wewe, na kwao Uswisi hapigi. Misri wameanza juzi. Sasa wanaosubiriwa wasome ni wepi, na waliosoma wakanyimwa ni wepi? Na huyo mama aliye mezani kwenye picha, yeye alisubiri nini?"

Bwana Shauri alivaa kofia yake. Akasema muda umekwenda. Wanaume wakacheka, na wengi wao hawakuelewa neno hata moja nililosema. Walicheka sauti ya msichana tu.

Mstari ukapangwa. Wanawake waliojaribu kuingia wakasukumwa na askari kwa rungu, wakarudishwa kwenye masufuria. Akachaguliwa Mzee Komora, mchuuzi wa maembe, mtu mzuri, mcheshi, asiyewahi kuingiza mguu kwenye bonde la mpunga tangu azaliwe. Ukiniuliza hata leo, Komora sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na watu waliomweka mtu asiyejua kazi kwa sababu tu ya suruali yake. Wa Waorma naye akawa mzee wa namna ile ile, ambaye fito za mkindu alikuwa akizisikia tu kwa wake zake.

Na usidhani ile kura kubwa ya Nairobi ilikuwa afadhali. Haikuandikwa mahali kwamba mwanamke asipige. La, walikuwa wajanja. Walisema anayepiga awe amesoma kiasi fulani, au awe na mali, au awe na mshahara, au awe ameitumikia serikali. Nani alimlipa shangazi mshahara wa kufukuza ndege? Kwenye nchi moja wanakunyima kwa kuwa hujasoma, kwenye nyingine wanakunyima ukiwa umesoma, kwenye ya tatu wanakuruhusu na kukufungia lango lile lile. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hakuna sababu. Wanakataa kwanza, sababu wanaitafuta baadaye.

Tulirudi Wema kwa mtumbwi, shangazi akipiga pondo nyuma, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, mimi nimekaa mbele nalia. Nikasema, "Laiti tungezaliwa Bara Hindi."

Akaacha kupiga pondo. Mtumbwi ukaanza kuchukuliwa na maji na hakujali. "Wewe mtoto, nyamaza. Pale uwanjani ulifanya la maana, ulipeleka maneno yangu, nami nakushukuru. Lakini hilo unalolisema sasa ni la mvivu. Ulimwuliza yule mke wa Mhindi mama yake aliipataje hiyo kura?"

Nikasema sikumwuliza.

"Mimi nilimwuliza. Aliniambia mama yake alibururwa barabarani na askari, akalala jela na mtoto mchanga anamnyonyesha humo. Na hao wa Misri, unafikiri kuna mwanamume aliamka asubuhi akawapelekea zawadi? Unanitajia nchi za watu kana kwamba Mungu aliwapenda wao akatusahau sisi. Mungu gani huyo? Usiniletee tena nchi za kulilia. Niletee nchi za kuiga." Kisha akashika pondo lake, akausukuma mtumbwi mpaka nyumbani.

Malka ikachorwa. Kamati ilikaa siku moja, ikatazama ramani, ikapiga mstari mnyoofu kutoka nyika hadi mtoni, na mstari huo ukapita katikati ya bonde la mpunga. Shamba la shangazi likawa ndani. Hakuna aliyekuja hata kulitazama. Kiangazi kilipofika, Dhahabo alikuja na maziwa yake kama kawaida, wakatembea na shangazi, wakachomeka fito pahala pengine kabisa, wakidhani mambo ya karatasi yatabaki kwenye karatasi. Lakini askari wa serikali akazing'oa fito, akawaambia wachungaji njia halali ni ile iliyochorwa.

Ng'ombe wakaingia kwenye mpunga uliokuwa umebaki kidogo tu kuvunwa. Wachungaji wenyewe walikuwa wakipiga kelele kuwazuia, na wanaume wa Wema wakatoka na mapanga. Kijana mmoja, Guyo, mtoto wa Dhahabo, mtoto aliyekunywa uji wa shangazi tangu ananyonya, akakatwa mkono wa kulia hapa, juu ya kiwiko. Hakufa. Lakini mchungaji asiye na mkono wa kulia, mwanangu, unajua maisha yake yanakuwaje.

Mpunga wote ulikwisha. Dhahabo hakuja tena ukingoni. Shangazi alimfuata hadi kambini kwao kumpa pole, wanaume wa kwao wakamzuia njiani, na nikamwona akirudi na mchele wake alioazima, chombo kimejaa vile vile. Urafiki wa miaka yote ile ulimalizwa na watu ambao hawakuwahi kuujua. Na kila niwasikiapo watu wakisema Mpokomo na Muorma ni maadui wa kuzaliwa, nataka kuwatemea mate. Ni uongo. Mimi niliwaona waliokuwa wakipanga amani, na niliwaona waliowaambia waketi nyuma.

Halafu unajua nini kilikuja? Chumvi. Haki ya Mungu. Bwana Shauri alitimiza ahadi yake, gunia zima la chumvi likashushwa Wema kutoka serikalini kwa ajili ya wanawake. Watu wakagawana. Shangazi hakuigusa. Msimu ule wote tulikula ugali wa kuombaomba, tena bila chumvi, na nikilalamika ananiambia nitafune.

Hakuacha kwenda kwenye mabaraza. Kila lilipoitishwa alikwenda, akasimama, akaambiwa aketi, akasimama tena, nami nikawa nasimama kando yake nikiyasema kwa Kiingereza yale yale aliyoyasema, ili mkalimani asipate pa kujificha. Wakamwita kichaa. Wengine wakamwita mwanamume. Alikufa kabla bendera haijabadilika, hakupiga kura hata moja katika maisha yake. Mimi niliipiga ya kwanza nikiwa na picha yake kichwani, na nilisikia baadaye kwamba wakati huo yule Sista kule Uswisi alikuwa bado anasubiri.

Sasa nirudi kwako. Unaniambia Rwanda wanawake wamejaa bungeni. Najua. Unaniambia jirani zetu Tanzania mwanamke amekalia kiti cha juu kabisa. Najua, nina redio. Unaniambia katiba yetu sisi wenyewe imeandika kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, na bunge limekaa miaka na miaka halijatekeleza, kila mara wanasema muda bado. Muda bado! Huyo ni Bwana Shauri yule yule, amebadilisha kofia tu. Ukayasema yote hayo vizuri, umesoma, nikafurahi. Kisha ukashusha pumzi ukasema, "Kwao ni kwao, Bibi, huku kwetu ndivyo tulivyo." Ndipo nilipomsikia shangazi akiacha kupiga pondo.

Basi nasaha zangu ni hizi, nami nazisema waziwazi ili usije ukasema bibi alizungumza mafumbo. Ukitazama wanawake wa nchi nyingine, usitazame walipofika tu ukaanza kujihurumia. Uliza walipitia wapi, uchukue lao moja ulifanye hapa, Garsen, na watu wako hawa hawa. Na kiti cha kuteuliwa sikidharau, kimewaingiza wengi waliofungiwa mlango. Lakini hiki wanachokupa wewe wanakupa ili utoke kwenye mstari, na atakayekupa ndiye atakayekuambia useme nini. Ukishindwa kwa kura, umeshindwa na watu, utarudi tena. Ukijiondoa, Ijumaa hiyo watakuwa wamemaliza kazi yao na wewe ndiwe uliyewafanyia. Tena kabla ya yote, vuka uende kwa wanawake wa Kiorma. Wajukuu wa Dhahabo wapo, namjua mmoja, anauza maziwa stendi. Keti naye. Sikiliza anachotaka kuhusu maji na malka, na siku ukisimama jukwaani, asimame kando yako aseme hayo ni maneno yake pia.

Hukuwahi kumwona shangazi yangu akiuliza "Amekubali?" na uso ule. Mimi nilimwona. Sitaki kukuona wewe nao.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyempa Roda sauti ile akupe na wewe, na akupe watu wa kuisikia. Akulinde na njia unazopita usiku na mchana, akulinde na maneno ya watu, akupe watoto watakaokucheka kwa mapenzi ukizeeka kama mimi. Na wazee wakija Ijumaa, wakaribishe, wape viti, wape chai, uwaheshimu kama ulivyolelewa. Wakikuambia tena watakusemea, waambie bibi yako amekataa. Waambie hatuombi chumvi.